Metali chembe: kwa nini chuma cha baharini ni kigumu kupimwa

Asubuhi moja ya maleleji, bahari imelala kama maji ya mtungini, tulitoka Malindi na boti ya mashine kuelekea mlango wa mto Sabaki. Tulikuwa na mwanafunzi wa chuo kikuu aliyehitaji maji ya bahari. Nahodha akaona hiyo ni kazi ya dakika moja. Akatupa ndoo, akachota, akamsogezea.

"Haya mwanangu, maji yako haya."

"Ahsante baba, lakini haya siwezi kuyapima. Ndoo ina mkono wa waya."

Nahodha akautazama mkono wa ndoo yake. Ulikuwa na kutu kidogo tu, pale unapoingia kwenye tundu. Akacheka mpaka akakaa kwenye tezi. Bahari yote hii, iharibiwe na kutu ya ndoo?

Bahari haiharibiki. Yanayoharibika ni yale maji ya ndooni, kwa sababu kijana yule alikuwa akitafuta metali chembe, yaani metali zilizomo majini kwa kiasi kidogo mno, na kutu ile ndogo ina chuma kingi kuliko kilichomo kwenye maji yenyewe.

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Sehemu kubwa ni sodiamu na kloridi, kisha magnesi, kalisi, potasi na wenzao wachache. Hao ndio wakubwa wa bahari, na uwiano wao haubadiliki sana, uchote Lamu au uchote Pasifiki. Nyuma yao wako wengine ambao hata ukikausha lita nzima hutawaona kwa jicho: chuma, shaba, zinki, manganizi, kobalti, kadimiamu, risasi, zebaki, bariamu. Hao ndio metali chembe. Chuma ndicho mfano mzuri. Katika maji ya juu ya bahari kuu, mara nyingi lita moja haina hata nanogramu 56 za chuma kilichoyeyuka; nanogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni. Tuiweke kwa hesabu ya nyumbani. Chukua gramu moja ya chuma, kama msumari mdogo, uigawe sawasawa katika mitungi laki tisa ya lita ishirini. Mchota maji wa mkokoteni angemaliza umri wake hajaijaza yote. Mtungi mmoja wa hiyo laki tisa ndio anaopewa mpimaji, tena si mzima, kisha aulizwe: mna chuma kiasi gani humu?

Watu wengi huchanganya jina hili na "metali nzito", maneno yanayosikika redioni kila panapozungumzwa uchafuzi. Majina yote mawili yanaweza kukiangukia kitu kimoja, kwa mfano risasi au zebaki, lakini maswali yake ni mawili. "Nzito" inauliza hiyo ni metali ya namna gani. "Chembe" inauliza iko kiasi gani mahali ulipochota. Chuma kimejaa ardhini. Udongo mwekundu wa bara umepata rangi kwacho. Kikifika baharini kinakuwa adimu, kwa sababu maji ya bahari yana oksijeni, na chuma humo hugeuka kutu, hujishika na tope na vumbi, kisha huzama. Kwa hiyo kitu cha kawaida kabisa nchi kavu ni chembe baharini.

Na uchache huo una kazi. Vijimea vidogo vinavyoelea juu ya maji, ambavyo samaki wote mwishowe huvitegemea, havikui bila chuma. Zipo sehemu kubwa za bahari zenye mbolea ya kutosha, naitreti na fosfeti, na bado maji yake ni matupu. Mwanasayansi wa bahari Mmarekani, John Martin, ndiye aliyesimamia hoja, katika miaka ya 1980, kwamba kinachokosekana huko ni chuma. Wengi walimbishia. Oktoba 1993 wenzake wakamwaga chuma kilichoyeyushwa kwenye kipande cha bahari karibu na visiwa vya Galápagos, na vijimea vikaongezeka maradufu katika siku chache. Martin mwenyewe hakuona: alifariki Juni mwaka huohuo. Shaba nayo ina tabia ya pilipili: kidogo inahitajika, ikizidi inaua. Ndiyo maana rangi nyingi za kupaka chini ya boti siku hizi zina shaba ndani, ili chaza na mwani wasishike. Mafundi wa Lamu walipaka deheni ya chokaa na mafuta kwa kazi hiyohiyo, na chaza walikoma vilevile, angalau mpaka safari ya kupaka tena.

Sasa turudi botini. Baada ya kuikataa ndoo, yule kijana alitoa chupa ya plastiki iliyovikwa mifuko miwili. Chupa ile ilikuwa imelowekwa kwenye asidi kwa majuma, ikasuuzwa kwa maji safi kuliko yoyote tunayokunywa. Akavaa glavu. Akamwomba mwenzake afungue mfuko wa nje bila kugusa wa ndani; wa ndani akafungua mwenyewe. Huo ni utaratibu wa kazi: mmoja ana mikono safi, mwingine ana mikono michafu, hata kama wote wawili wametoka kuoga. Nahodha akaombwa azime mashine na aelekeze omo kwenye mkondo, ili maji yanayofika yawe hayajapita ubavuni mwa boti. Chupa ikafungwa kwenye mti mrefu wa plastiki, ikanyooshwa mbele kabisa, ikazamishwa, ikasuuzwa kwa maji yaleyale mara tatu, ndipo ikajazwa. Meli kubwa za utafiti zina taabu zaidi, maana zenyewe ni chuma kitupu kinachoota kutu. Hizo huteremsha chupa kwa kamba isiyo ya chuma, na hufungulia maji ndani ya chumba ambacho hewa yake imechujwa.

Maabarani, maji huchujwa kwanza kwenye karatasi yenye vitundu vya maikromita 0.45 au 0.2, yaani chini ya nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Hapa pana ujanja ambao msomaji wa ripoti aukumbuke: neno "iliyoyeyuka" maana yake ni iliyopenya kwenye kitundu hicho, basi. Maji ya Sabaki wakati wa mvua ni mekundu. Yakipimwa bila kuchujwa yatatoa tarakimu kubwa ajabu, yakichujwa tarakimu inaanguka, na maji ni yaleyale. Baada ya kuchujwa hutiwa asidi safi ili metali zisigande kwenye ukuta wa chupa. Kisha hupitishwa kwenye resini inayoshika metali na kuiachia chumvi ipite, kwa kuwa gramu 35 za chumvi zingeifunika kabisa ile chembe. Mwisho huingia kwenye spektromita ya masi, inayochoma kila kitu kwa gesi ya argoni yenye joto la nyuzi maelfu na kupanga atomu kwa uzito. Hata hapo mna mtego: argoni ina uzito wa 40, oksijeni 16, zikishikana ni 56, uzito uleule wa chuma. Mashine isiyo makini itakuhesabia hewa ikidhani ni chuma.

Ndiyo maana kila mpimaji hupima pia "maji matupu", yaani maji safi yaliyopitia chupa zilezile, asidi ileile na mikono ileile. Tarakimu itakayotoka humo ni uchafu wake mwenyewe, na lazima aitoe. Mwanakemia Mmarekani Clair Patterson, aliyekadiria mwaka 1956 kwamba dunia ina umri wa miaka bilioni 4.55, alifika huko baada ya kupigana miaka na risasi iliyokuwa hewani, mezani na kwenye nywele za watu wa maabara yake. Akaja kugundua kwamba vipimo vya risasi vya wengine vilijaa uchafu huohuo, na akawa miongoni mwa waliopinga petroli yenye risasi. Kwetu Kenya petroli hiyo iliondoka ifikapo 2006. Tarakimu nyingi za metali chembe zilizochapishwa kabla ya miaka ya 1970 leo hazitumiki, zilipima meli.

Mlangoni mwa Sabaki kuna jambo jingine ambalo nahodha alilijua kabla ya sayansi kumwambia. Maji ya bamvua, yanayojaa na kupwa sana mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hutibua tope; wakati wa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, tope hutulia. Kaskazi ikivuma tope husukumwa kusini mpaka Malindi, kusi hulipeleka upande wa Ngomeni. Chupa mbili za siku mbili hazilingani kama hukuandika mwezi na upepo.

Matumbawe hayana shida hiyo. Mto unapoleta udongo, bariamu iliyojishika kwenye udongo huachia inapokutana na chumvi, na tumbawe, likijenga mfupa wake wa chokaa, huichukua kidogo mahali pa kalisi. Hujijenga tabaka kwa tabaka, mwaka baada ya mwaka, kama pete za mti. Watafiti walitoboa tumbawe la hapahapa Malindi, jiwe la jamii ileile ambayo wazee walichongea mihirabu, na mwaka 2007 wakachapisha walichokisoma ndani yake: miaka 300. Kuanzia 1700 hadi 1900 bariamu inakaa karibu palepale. Baada ya 1900 inapanda, haishuki tena kule ilikokuwa, kadiri ardhi ya bara ilivyozidi kulimwa na kulishwa mifugo. Chupa ya yule kijana ilikuwa na asubuhi moja tu ya Sabaki, tena ya maji mafu.