Kwa Nini C Haiongezeki Hata Kama D Ina Nafasi Tele

Diski C imejaa, D ina GB 200 zisizotumika. Unafungua Disk Management, zana ya Windows ya kupanga diski, unapunguza D kwa GB 50, na nafasi hiyo inaonekana wazi kwenye mchoro. Lakini ukiigeukia C, "Extend Volume" imefifia, haibonyezeki. Hapo shida si kiasi cha nafasi, ni mahali ilipokaa.

Windows huongeza patisheni (sehemu ya diski, kama C au D) kuelekea kulia tu, tena kwa nafasi inayogusana nayo. "Shrink Volume" nayo hukata mkiani. Ukipunguza D, nafasi huangukia ng'ambo ya D, na C haiwezi kuiruka D kuifuata.

Njia ninayoipendekeza ni ya kuchosha kidogo lakini ni salama: nakili vyote vilivyomo D kwenye diski ya nje, fungua faili kadhaa kuhakikisha ni nzima, futa D, ongeza C, kisha tengeneza D mpya kwa kinachobaki. Kiasi huandikwa kwa MB, na GB 50 ni 51200, si 50000. Kwenye diski za MBR, mtindo wa zamani wa kugawa diski, D mara nyingi hukaa ndani ya patisheni kubwa yenye fremu ya kijani. Baada ya kufuta D, futa na hiyo fremu, la sivyo C haitaiona nafasi. Kama kuna programu zilizosakinishwa D, usiifute, maana kunakili folda zake tu hakutoshi kuzihifadhi.

Hapo ndipo GParted, programu ya kupanga patisheni inayowashwa kutoka kwenye flashi badala ya Windows, inapofaa, kwa kuwa inaweza kuisogeza D yenyewe kulia. Ila kusogeza ni kuandika upya data yote, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi, na umeme ukikatika katikati unaweza kupoteza D nzima. Nakala rudufu ni lazima hata hapa. Kabla ya kuanza, endesha chkdsk D: /f kukagua na kurekebisha makosa ya D, kisha zima kwa shutdown /s /t 0. Kuzima kwa kawaida, Fast Startup (uwashaji wa haraka) ikiwa imewashwa, hakuifungi Windows kabisa, na GParted hukataa kubadilisha patisheni ya NTFS (mfumo wa faili wa Windows) iliyoachwa hivyo. Kama umewasha BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga data kwa ufunguo, iondoe kwanza kwenye patisheni utakazozigusa, na uwe na ufunguo wake wa tarakimu 48 mkononi.

Kikwazo kinachowakwamisha wengi ni patisheni ndogo ya urejeshaji (ya kurekebisha Windows ikishindwa kuwaka), ya MB mia kadhaa, iliyojibana mara tu baada ya C. Disk Management haitakuruhusu kuifuta. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika reagentc /disable, na uhakikishe Winre.wim, faili ya urejeshaji, imerudi ndani ya C:\Windows\System32\Recovery (ni faili iliyofichwa, tumia dir /a). Kisha andika diskpart, zana ya kupanga diski kwa amri, na ndani yake:

list disk
select disk 0
list partition
select partition 4
delete partition override

Namba 0 na 4 ni mfano tu. Itambue patisheni yako kwa ukubwa na aina, kwa sababu diskpart haiulizi mara mbili. Patisheni ya kiwandani, iliyowekwa na mtengenezaji wa kompyuta, yenye GB kumi au zaidi ni kitu kingine kabisa; iache.

Unapoongeza C, bakiza MB 1024 mwishoni. Kwenye diski ya GPT, mtindo mpya zaidi ya MBR, rudisha patisheni ya urejeshaji hapo, bado ndani ya diskpart:

create partition primary size=1024 id=de94bba4-06d1-4d40-a16a-bfd50179d6ac
gpt attributes=0x8000000000000001
format quick fs=ntfs label="Windows RE tools"

Toka kwa exit, andika reagentc /enable, halafu reagentc /info. Ikisema Enabled, na njia inayoonyeshwa inataja namba ya patisheni mpya, kazi imekamilika.