Hiyo Sheria Ilitungwa kwa Ajili ya Klabu ya Biblia, Jamani

Jumamosi nimetumiwa ile sauti tena. Mara ya sita. Dakika nne za mwanamume anayeongea kama aliyekula kiapo, akisema serikali ya Marekani inazilazimisha shule za umma zianzishe klabu za mashoga, na kwamba Texas ndiyo iliyogoma. Safari hii imeletwa na shemeji yangu, na chini yake ameandika: "Wakili, hii imekaaje? Na hii fomu ya klabu aliyoleta mwanangu, ni mtego?" Imekaa vibaya, shemeji. Nilianza kumjibu kwa simu, kidole gumba kikachoka. Nimeona niandike hapa, atakayefuata nimtumie kiungo tu.

Kwanza jina. Klabu anazozisema ni GSA, kifupi cha Gay-Straight Alliance: klabu ya wanafunzi wapenzi wa jinsia moja pamoja na wenzao wasio hivyo, na ndiyo maana jina lenyewe lina neno muungano. "Klabu ya mashoga" silitumii kwa sababu nyingine pia: mimi nimekulia Tanga, na bibi yangu alikuwa na klabu ya mashoga zake kila Alhamisi alasiri, chai ya tangawizi na visheti, na hakuna bodi ya shule iliyowahi kuifuta.

Sheria ya taifa inayoitaja GSA haipo. Iliyopo ni Equal Access Act, aliyoisaini Ronald Reagan Agosti 1984, na walioipigia debe walikuwa watu waliotaka vijana wakutane shuleni kusoma Biblia na kusali. Mwaka 1981, katika kesi ya Widmar, Mahakama ya Juu ilishasema kwamba chuo kikuu cha umma kinachogawa vyumba kwa vikundi vya wanafunzi hakiwezi kukibagua kikundi cha dini. Bunge likaiteremsha kanuni hiyo hadi sekondari. Aliyesoma Tanzania, akazoea UKWATA ya wanafunzi Wakristo na TAMSYA ya Waislamu kukutana darasani bila mtu kushtuka, atauliza hilo nalo lilihitaji sheria? Huku Marekani lilihitaji. Ugomvi wao wa dini na serikali una kurasa zake, siufungui leo.

Sheria inasema hivi: sekondari ya umma inayopokea fedha za serikali kuu, ikishairuhusu hata klabu moja isiyo ya mtaala kukutana nje ya saa za masomo, haiwezi kuikatalia nyingine kwa sababu ya dini, siasa, falsafa au mengineyo yanayozungumzwa humo. GSA ziliingilia hapo kwenye "mengineyo". Sidhani wabunge wa 1984 walikuwa wakiziwazia. Lakini neno waliliandika wao.

Sasa kulazimishwa kuko wapi? Klabu lazima ianzishwe na wanafunzi wenyewe, kuhudhuria ni hiari, shule haiidhamini, watu wa nje hawaruhusiwi kuiendesha wala kuhudhuria kila mara. Mwalimu aliyewekwa kukaa chumbani kuangalia usalama hahesabiwi kuwa ni udhamini wa shule. Na shule isiyotaka ina njia halali kabisa: ifute klabu zote zisizo za mtaala. Zote. Kusimama mlangoni na kuchagua sura, hiyo ndiyo hairuhusiwi.

Hapo kwenye "zote" ndipo presha yangu hupanda.

Kila bodi inayoniambia "sisi tumefuta zote" huwa naiuliza orodha ya zilizobaki. Na kila mara kuna zilizobaki! Maelezo ni kwamba hizo ni za mtaala. Mtaala umegeuzwa kuwa kapu la mama lishe, kila kitu kinaingia. Mahakama ya Juu ilishalifunga kapu hilo mwaka 1990, katika kesi ya Mergens iliyotoka Omaha, Nebraska. Binti mmoja, Bridget Mergens, aliomba klabu ya Kikristo, akanyimwa. Shule ilikuwa na klabu kama 30, na ikashikilia kwamba zote zinahusiana na masomo. Sataranji? Inajenga fikra, kwa hiyo ni hisabati. Klabu ya kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa? Ni elimu ya viungo. Majaji 8 dhidi ya 1 wakakataa kwa ujumla wake. Klabu ni ya mtaala pale tu mada yake inapofundishwa, au itafundishwa karibuni, katika somo la kawaida. Au inahusu masomo yote kwa jumla, kama serikali ya wanafunzi. Au somo fulani linamlazimu mwanafunzi kushiriki. Au inampa alama za masomo. Klabu ya Kifaransa shuleni panapofundishwa Kifaransa, sawa. Kuogelea hufundishwa kwenye elimu ya viungo, ndiyo, lakini hakuna darasa lililokuwa likifundisha kuzamia na mitungi.

Miaka 16 baadaye, Minnesota, shule ya Maple Grove ikarudia wimbo uleule. Chumba GSA walipewa. Walichonyimwa ni kutangazwa kwenye vipaza sauti, kuingia kwenye kitabu cha picha cha mwaka, kuchangisha fedha, mambo waliyokuwa nayo washangiliaji wa michezo na mabinti wa ngoma za majini, wale wanaoogelea kwa mpangilio huku muziki unapigwa. Shule ikasema hao ni wa mtaala. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 8 ikasema mwaka 2006 kwamba sio, na wengi hulisahau lililofuata: usawa haukomei kwenye chumba. Shule ikiwapa washangiliaji kipaza sauti, iwape na hao wengine.

Kentucky ni kichekesho zaidi. Kaunti ya Boyd "ilifuta zote", lakini klabu ya Biblia na ya maigizo zikaendelea kukutana. Shule ikajitetea kwamba GSA imeleta vurugu. Jaji David Bunning akasema mwaka 2003 kwamba vurugu zimeletwa na waliokuwa wakiipinga, na kelele za mpinzani haziwezi kumnyang'anya mtu haki yake ya kusema. Huyo Bunning si mwanaharakati: ni mteule wa George W. Bush, mtoto wa seneta wa Republican. Wanaosema hizi ni hukumu za "majaji wa mrengo wa kushoto" watafute mfano mwingine.

Walau Salt Lake City, jimbo la Utah, walijaribu kufuta zote kwelikweli, baada ya wanafunzi wa shule ya East High kuomba GSA. Februari 1996 bodi ikazifuta klabu zisizo za mtaala, wanafunzi wakaandamana, kesi zikafuata. Mwaka 1999 jaji akakuta kwamba hata huko, katika mwaka wa masomo 1997-98, klabu moja isiyo ya mtaala ilikuwa imepenyezwa. Mwaka 2000 bodi ikaifungua milango. Miaka minne watoto wa klabu za kawaida walikaa bila mahali pa kukutana, ili kundi moja lisipate meza.

Ningependa kuishia hapa nikiwa mshindi, lakini kuna kesi ambayo watu wa upande wangu huipita kimyakimya: Lubbock, hapahapa Texas, 2004. Wanafunzi walishindwa. Sheria yenyewe inaiachia shule mamlaka ya kulinda nidhamu na ustawi wa wanafunzi. Shule ile ilikuwa na sera ya kufundisha kujizuia kufanya ngono tu, na tovuti iliyohusishwa na klabu ilikuwa na viungo vya kurasa za mambo ya ngono. Jaji akaona hiyo yatosha. Naamini alivuka mpaka kwa kuiruhusu shule iikatae klabu nzima, maana viungo tu vingeweza kuondolewa. Lakini nikisema hoja ya ustawi haina nguvu nitakuwa nadanganya. Ina nguvu, na siwezi kumchorea mteja mstari ulipo.

Sasa Texas ya leo. Sheria SB 12, iliyoanza Septemba mosi 2025, haihangaiki na sataranji wala mitungi. Inazikataza wilaya za shule kuidhinisha au kudhamini klabu zinazojikita kwenye mwelekeo wa kimapenzi au utambulisho wa kijinsia. Imetaja mada waziwazi, jambo lilelile ambalo sheria ya 1984 inalikataza. Kesi ilifunguliwa mahakama ya shirikisho hapa Houston kabla haijaanza kutumika. Sheria ya taifa hushinda ya jimbo, na mwaka 2023 ningekwambia suala limekwisha.

Leo natafuna maneno. Juni 2025, katika kesi ya Medina iliyohusu Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, Mahakama ya Juu ilisema sheria inayofungamana na ruzuku haimpi raia haki ya kushtaki mpaka iseme hivyo kwa uwazi kabisa. Equal Access Act nayo imefungamana na fedha za serikali kuu, na juu ya hapo yenyewe inakataza serikali kuu kuikatia shule fedha kwa kuivunja. Mwanafunzi akizuiwa kushtaki, atakayeilinda sheria hiyo ni nani? Mimi naona maneno yake, kwamba "itakuwa ni kinyume cha sheria" shule kumnyima mwanafunzi nafasi hiyo, ni wazi vya kutosha, na Mergens mwenyewe alikuwa mwanafunzi aliyeshtaki. Ila nyumba yangu siiweki rehani juu ya hilo. Na ikianguka, klabu ya Biblia itakuwa imepoteza ngao yake siku hiyohiyo.

Shemeji, swali lako la mwisho, la ile fomu ya mwanao: hapana, sio mtego wa kumuandikisha GSA. SB 12 hiyohiyo inataka idhini ya mzazi kwa maandishi kabla mtoto hajajiunga na klabu, iwe ya roboti, iwe ya Biblia. Saini, mtoto akacheze sataranji.