Molekuli Zinazojipanga Baada ya Mwanga Kupita

Vijana wa Lamu wanaosoma fizikia, kila nirudipo nyumbani Mkomani kutoka maabara ya ng'ambo ninakofanya kazi, huniletea barazani swali hili: molekuli ya gesi haina mpini, basi mwanga wa leza huishika wapi hata uigeuze? Jibu ni kwamba huishika kwenye elektroni zake. Molekuli ya naitrojeni ina atomu mbili, na wingu lake la elektroni huvutika kwa urahisi zaidi kwa urefu, kutoka atomu hadi atomu, kuliko kwa upana. Uga wa umeme wa leza unapolivuta wingu hilo, molekuli hupata ncha mbili za chaji, kisha uga uo huo huizungusha mpaka mhimili wake uukaribie mstari ambao uga unatetema juu yake. Ni kweli kwamba uga hugeuka upande mamia ya matrilioni ya mara kwa sekunde, lakini chaji nazo hugeuka pamoja nao, kwa hiyo msukumo haujifuti.

Mwaka 1995 wanasayansi Bretislav Friedrich na Dudley Herschbach walieleza namna molekuli zinavyobaki zimepangika muda wote uga wenye nguvu unapokuwapo. Mpigo mfupi wa leza, ambao mwanasayansi Tamar Seideman aliuchambua mwaka uo huo, una tabia nyingine, nami naiona ndiyo yenye utamu. Mpigo wa femtosekunde 100, yaani sehemu moja ya trilioni kumi za sekunde, humalizika kabla molekuli haijageuka kwa kiasi cha kuonekana. Kinachobaki ni msukumo, nao huendelea kuizungusha mwanga ukiwa umeshakwenda zake. Kwa kanuni za kwanta, molekuli haizunguki kwa kasi yoyote ile bali kwa ngazi maalumu, na masafa yanayotokana na tofauti za ngazi hizo ni vigawe vya masafa mamoja ya msingi. Aliyekaa karibu na wapiga matari wa Maulidi atalielewa jambo hili upesi: mmoja hupiga haraka, mwingine taratibu, lakini kwa kuwa miendo yao inagawanyika kwa hesabu kamili, hufika mahali matari yote yakalia kwa pamoja. Vivyo hivyo molekuli za naitrojeni hujipanga, hutawanyika, kisha hujipanga upya kila baada ya pikosekunde (sehemu za trilioni za sekunde) 8.4 hivi, za oksijeni, 11.6, na za kaboni dioksidi, ambazo ni ndefu na nzito zaidi, karibu 42.7. Mwaka 2001 Florentina Rosca-Pruna na Marc Vrakking waliyaonesha marudio haya katika gesi ya iodini.

Hakuna saa ya kawaida iwezayo kupima muda huo, kwa hiyo tunapima kwa umbali. Mpigo wa pili, ulio dhaifu, hucheleweshwa kwa kusogeza kioo: kukisogeza nyuma milimita 0.15 hurefusha njia ya mwanga kwa milimita 0.3, yaani pikosekunde moja. Gesi iliyopangika hupitisha mwanga kwa kasi tofauti kulingana na mwelekeo wa mtetemo wake, na hivyo sehemu ndogo ya mpigo huo hupenya kichujio ambacho vinginevyo kingeuzuia wote. Hewa ya chumbani yenyewe yatosha kuonesha marudio ya naitrojeni na oksijeni, na kwa anayeanza ningependekeza njia hii kuliko nyingine yoyote, ijapokuwa haimpi moja kwa moja kiwango cha mpangilio.

Kiwango hicho ni wastani wa mraba wa kosaini ya pembe iliyo kati ya mhimili wa molekuli na uga: thuluthi moja kwa molekuli zilizotawanyika ovyo, na 1 kwa mpangilio kamili. Ili kukipata, gesi hupulizwa kupitia tundu dogo ndani ya ombwe hadi ipoe kufikia kelvini chache, yaani nyuzi chache tu juu ya baridi ya mwisho kabisa, kwa sababu katika joto la chumba molekuli zimetapakaa katika ngazi nyingi mno na mpangilio huwa hafifu. Kisha mpigo mkali huzipokonya elektroni kadhaa, na ioni, yaani vipande vyake vilivyobaki na chaji, zinazosukumana huruka kufuata mhimili hadi kwenye bamba la kigunduzi. Mpigo huo wenyewe waweza kupotosha kipimo, kwani huzivunja kwa urahisi zaidi molekuli zilizolala sambamba na uga wake. Ndiyo maana aghalabu uga wake huelekezwa wima kwa bamba. Tena bamba huonesha kivuli cha pembe tu, si pembe yenyewe, na kwa kivuli hicho mtawanyiko wa ovyo husomeka nusu badala ya thuluthi, kwa hiyo grafu inayoanzia 0.5 haioneshi mpangilio wowote bado.