Newton hakuzaliwa mwaka aliofariki Galileo

Vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, hapa Tanga, havikosi mtu wa kukwambia kwamba mwanasayansi Galileo alifariki 1642 na mwaka huohuo mwenzake Newton akazaliwa kupokea kijiti. Hadithi tamu, ila imechanganya kalenda mbili. Ajabu, maana wasimuliaji wenyewe huhesabu Mfunguo Mosi na Januari bila taabu.

Galileo alifariki Italia tarehe 8 Januari 1642, kwa kalenda ya Gregori tunayotumia leo. Newton alizaliwa Uingereza siku ya Krismasi 1642, lakini Waingereza walikuwa bado na kalenda ya Juliasi, iliyobaki nyuma siku 10, waliiacha 1752. Italia siku hiyo ilikuwa tayari 4 Januari 1643. Ukiing'ang'ania ya Uingereza, kifo cha Galileo nacho kinarudi 29 Desemba 1641. Huku wala huku, mwaka haulingani.

Kwamba mwanafizikia Stephen Hawking alizaliwa 8 Januari 1942, miaka 300 kamili baada ya kifo hicho, ni kweli. Lakini wanasayansi ni wengi, siku za mwaka ni 365, kwa hiyo tarehe kugongana ni sadfa tu. Kwenye daladala ya Raskazone yenye abiria 23, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja umeshapita nusu, na konda hujamhesabu.