Mashine ya ukaguzi ikilia, haijakuona mhalifu

Wasafiri wengi huamini kwamba mashine ya kukagua mwili katika uwanja wa ndege hupiga eksirei, humwonyesha afisa mwili mtupu, na ikilia basi umeshukiwa. Mashine zilizozoeleka leo hutumia mawimbi ya redio ya milimita, ambayo hupenya nguo na kurudishwa na ngozi. Zile za eksirei zilizotoa picha ya mwili ziliondolewa katika viwanja vya Marekani mwaka 2013. Sasa programu huchora umbo moja la katuni kwa kila mtu na kuweka kisanduku pale ilipoona kitu kisicho cha kawaida.

“Kitu” hicho mara nyingi ni jasho, tishu mfukoni, mkunjo wa nguo nzito au nywele zilizosukwa kwa wingi. Hata karatasi hutosha, kwa kuwa mashine hii haitafuti chuma pekee. Toa kila kitu mfukoni, inua mikono kama mchoro unavyoonyesha, usitikisike kwa sekunde chache.

Kisanduku kikitokea begani, kwa kawaida hupapaswa bega tu. Viwanja vingi humpa msafiri afisa wa jinsia yake, na unaweza kuomba chumba cha faragha pamoja na shahidi. Omba kabla hawajaanza. Hiyo ni haki ya staha yako. Kama una kidonda au kifaa cha tiba mwilini, taja mapema mahali kilipo.