Vijana Wasio na Adabu, Wazee Wasiong'atuka: Dhana Potofu na Ukweli

Wazee wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania wanasema kizazi hiki hakina adabu na kinataka hela bila jasho. Vijana nao wanasema wazee wamepitwa na wakati na wamekalia kila kitu. Utayasikia hayo kwenye vijiwe vya bodaboda Mwanjelwa jijini Mbeya, kwenye vikao vya harusi Iringa mjini, redioni na kwenye magrupu ya WhatsApp, hadi mtu anadhani ndivyo binadamu walivyoumbwa. Mimi naona chini ya karibu kila ugomvi wa namna hii kuna suala la mali: iko mikononi mwa nani, na ataiachia lini. Inaniuma kuona familia zinavunjika kwa kusutana tabia wakati kinachogombaniwa ni shamba.

DHANA: Zamani vijana na wazee walikaa pamoja kwa amani

Historia ya Wanyakyusa inakataa. Hadi miongo ya mwanzo ya karne ya 20, huko Rungwe na Kyela, mvulana akifika miaka kumi hivi alitoka kwa baba yake, akajenga kibanda na wenzake pembezoni mwa kijiji. Chakula walikula kwa mama zao, kwa makundi, leo kwa huyu kesho kwa yule, lakini kulala walilala kwao. Wakishaoa, vibanda vile viligeuka kijiji kamili cha watu wa rika moja. Monica Wilson, mtafiti wa Afrika Kusini aliyefanya kazi huko na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliyaandika haya kwa kirefu. Sababu aliyopewa ilikuwa heshima: mkamwana hakutakiwa hata kuonana na baba mkwe wake, na kijana hakutakiwa kuzoeana na wake wadogo wa baba yake.

Ugomvi nao ulikuwepo, tena mkali. Ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa baba. Kijana alilima shamba la mzee akisubiri ng'ombe hao, huku akishuhudia wazee wakiongeza wake. Ila walikuwa na kitu ambacho sisi hatuna, yaani siku ya makabidhiano. Takribani kila baada ya miaka 30 ilifanyika sherehe ya ubusoka. Wana wa chifu pamoja na rika lao walikabidhiwa nchi, na wazee wakasogea kuwapisha. Kijana alijua zamu yake inakuja, na mzee alijua yake inakwisha.

Utaratibu huo haukuuawa na utovu wa adabu. Machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya na migodi ya shaba ya Zambia ya leo iliwapa vijana fedha zao wenyewe. Kahawa nayo ikaifanya ardhi kuwa mali ya kudumu, na mwenye mibuni hasogei kirahisi kumpisha mtu.

DHANA: Socrates alilalamikia vijana miaka 2,400 iliyopita

Ule ujumbe unaosambazwa, kwamba Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alisema vijana wanapenda anasa na hawawaheshimu wakubwa, si maneno yake. Umetokana na tasnifu ya mwanafunzi wa Cambridge, Kenneth John Freeman, iliyochapishwa mwaka 1907. Yeye alikuwa akifupisha kwa maneno yake malalamiko ya Wagiriki wa kale.

DHANA: Kila kizazi kina tabia yake, ndiyo maana kuna Boomers, Millennials na Gen Z

Majina haya, yanayowagawa watu kwa miaka waliyozaliwa, yametoka Marekani na yamebeba historia ya Marekani. Boomers ni waliozaliwa 1946 hadi 1964, uzazi ulipoongezeka huko baada ya Vita Kuu ya Pili. Jina la Millennials lilitolewa na waandishi William Strauss na Neil Howe. Mwaka 1997 unaotajwa kuwa mwanzo wa Gen Z ni mpaka uliowekwa na watafiti wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, na mwaka 2023 Pew wenyewe walitangaza kwamba watakuwa waangalifu zaidi na majina hayo.

Kwetu miaka iliyokata maisha ya watu ni mingine: kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970, ruzuku ya mbolea kuondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Ukimwi. Msichana wa Makete aliyezaliwa 1999 akalelewa na bibi baada ya wazazi kufariki hafanani na mvulana wa Mbeya mjini wa mwaka huohuo aliyekulia kwa baba mwenye maduka. Kuwaita wote Gen Z hakukuambii lolote juu yao. Kijana wa miaka 22 akiwa na haraka ya maisha, mara nyingi ni umri tu. Baba yake alikuwa hivyohivyo mwaka 1988.

Kwa nini basi majina yanashika? Yanauza. Mtangazaji wa biashara anahitaji kundi la kulilenga, na mwanasiasa akishindwa kueleza ajira ziko wapi, kuwaambia vijana wazee wamewazibia, au kuwaambia wazee vijana ni wavivu, hakumgharimu kitu.

DHANA: Wazee wakistaafu mapema, vijana watapata kazi

Watafiti waliolinganisha nchi tajiri kadhaa hawakukuta hivyo: palipowatoa wazee kazini mapema hapakupata nafuu ya ajira kwa vijana. Kwetu pia mshahara wa mwalimu wa miaka 58 ndio ada ya mtoto wa mdogo wake.

DHANA: Vijana hawataki kulima

Wakalime wapi? Mufindi na Njombe mzee anapanda misindano kwenye shamba la ukoo, na miti hiyo inakaa hadi miaka 15 au 20 kabla ya kuvunwa. Mwanawe wa miaka 20 anasubiri hadi akaribie 40. Akikimbilia bodaboda, anaambiwa amelikimbia jembe.

Nilikaa kwenye kikao kimoja cha familia wilayani Rungwe. Kijana aliomba sehemu yenye mibuni iliyozeeka apande parachichi.

"Shamba ni letu sote, mwanangu," baba akamjibu.

"Ni letu sote, baba, lakini anayeuza ni wewe."

Wajomba wakaanza kuguna kuhusu heshima. Shangazi mtu ndiye aliyeuliza: "Kaka, unaogopa nini hasa?"

Mzee akasema, "Nikishampa, nikiugua nitakula nini?"

Hapo ndipo penyewe. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa pensheni kila mzee aliyefikisha miaka 70. Bara hakuna pensheni ya wazee wote, kwa hiyo kwa mkulima shamba ndilo pensheni, na mtoto anayeliomba anaonekana anataka kula uzee wa baba yake.

Familia ile ilikubaliana nusu ekari. Kijana atamlipia mzee bima ya afya na atanunua mbolea ya kahawa iliyobaki. Mwenyekiti wa kitongoji aliandika, wote wakasaini. Wangeweza kwenda mbali zaidi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu hakimiliki ya kimila kutolewa kwa familia, si kwa mtu mmoja tu, na maombi yanaanzia kwenye halmashauri ya kijiji. Baba na mwana wanaweza kuingia ofisini pamoja, mzee akiwa bado na nguvu za kusema mwenyewe anachotaka.