Kwa nini taa ya mfuko wa hewa huwaka ilhali gari halijagonga kitu?

Gari limetoka kuoshwa Makupa, hapa Mombasa. Viti vimetolewa, vikasuguliwa na kuanikwa juani, sakafu ikapigwa maji ya presha, na jioni gari linang'aa kama lililotoka melini. Lakini ukiliwasha, ile taa ya mfuko wa hewa (airbag, unaojaa ghafla kumkinga mtu gari linapogonga), yenye umbo la mtu aliyeketi na duara kubwa mbele ya kifua, inakataa kuzimika. Hujagonga wala hujagongwa. Kijana aliyeosha ataapa kwamba hakugusa chochote cha umeme, na huenda kwa kadiri ajuavyo anasema kweli. Basi taa imeona nini?

Jibu liko chini ya kiti. Inama, uchungulie, utaona waya zenye plagi za rangi ya manjano. Watengenezaji wameitenga rangi hiyo kwa mfumo wa mifuko ya hewa ili fundi yeyote akiiona ajue anashika nini. (Rangi ya chungwa ni habari nyingine: hiyo ni umeme mkali wa magari ya haibridi, yanayotumia petroli pamoja na umeme, kama Toyota Aqua, nao usiguswe kabisa na asiyefunzwa.) Kiti cha mbele kinaweza kuwa na mfuko wake ubavuni, swichi inayojua kama mkanda umefungwa, na kwa upande wa abiria, sensa inayopima kama kuna mtu amekaa. Kiti hakitoki bila plagi hizo kuchomolewa. Kuzichomoa swichi ya kuwashia gari ikiwa imezimwa hakuwashi taa hii. Tatizo huja viti vikiwa bado nje, kisha mtu akawasha swichi ili apandishe vioo vya umeme. Sekunde hizo chache zatosha. Kompyuta ya mfumo inakagua waya zake, inakuta nyingine hazijaunganishwa na kitu, inaandika hitilafu kwenye kumbukumbu yake na kuwasha taa. Ukirudisha plagi, magari mengine husamehe yenyewe. Mengi hushikilia hitilafu hiyo hadi ifutwe kwa mashine.

Kompyuta hiyo ni kisanduku kidogo kilichofungwa sakafuni katikati ya gari, mara nyingi karibu na gia. Kila unapowasha swichi, taa huwaka kwa sekunde 6 hivi kisha huzimika. Hapo kompyuta inajikagua. Hupitisha mkondo mdogo mno wa umeme katika kila kiwashio cha mfuko na kupima ukinzani wake, yaani kiasi umeme unavyozuiwa kupita, ambao kwa kawaida hauzidi omu (kipimo cha ukinzani) 2 au 3. Ikikuta ukinzani umepanda sana, ndiyo kusema waya umekatika au plagi imelegea. Ikikuta umeshuka hadi sifuri, waya zimegusana. Ukaguzi hauishii hapo, unaendelea muda wote gari likitembea.

Kwa nini iwe na wasiwasi kiasi hicho? Kwa sababu siku ya ajali haina muda wa kujaribu mara ya pili. Tangu gari ligonge hadi mfuko wa dereva ujae, hupita takriban milisekunde 30 hadi 60, na kupepesa jicho tu huchukua zaidi ya hapo. Mfuko hutoka kwa mwendo unaokaribia kilomita 300 kwa saa, ukisukumwa na gesi ya kemikali inayolipuliwa kwa makusudi. Kitu cha namna hiyo kikilipuka pasipo ajali, kinaweza kumjeruhi vibaya aliye karibu. Kwa hiyo mfumo umeundwa hivi: ukiwa na shaka na sehemu yake yoyote, huizima sehemu hiyo, na katika magari mengi huuzima mfumo mzima. Ndiyo maana taa ikibaki imewaka, chukulia kwamba mifuko haitafunguka ukigonga, na kile kifaa kinachovuta mkanda wa kiti kwa nguvu wakati wa ajali huenda nacho kisifanye kazi. Nchini Marekani, mamlaka ya usalama barabarani ilikadiria kwamba hadi mwaka 2017 mifuko ya mbele ilikuwa imeokoa maisha ya watu zaidi ya 50,000. Ulinzi wa namna hiyo ndio usio nao taa inapowaka.

Kuosha viti ni sababu moja tu. Hapa Mombasa maji na chumvi vina mkono mrefu. Masika yakishika na barabara za kisiwani zikajaa, maji huingia chini ya zulia, na kompyuta yenyewe na plagi zake ziko huko huko chini. Zulia laweza kukauka juu na kubaki limelowa chini kwa majuma, huku pini za plagi zikiota kutu ya kijani. Gari linalolazwa ufukweni Nyali au Bamburi hupata hewa ya chumvi usiku kucha, na kutu ndogo tu kwenye pini yatosha kupandisha ukinzani.

Kisha kuna usukani. Nyuma yake kuna utepe wa waya uliokunjwa mviringo mfano wa springi ya saa ya kujaza, unaojifungua na kujifunga unapokata kona ili umeme ufike kwenye mfuko na honi. Ukikatika, taa huwaka, na mara nyingi honi hunyamaza au vitufe vya redio vilivyo kwenye usukani vinakufa. Dalili hizo mbili zikija pamoja, mwambie fundi aanzie hapo. Utepe huu hukatika kwa uchakavu, lakini pia hukatwa na fundi aliyetoa rodi ya usukani wakati wa kutengeneza sehemu za chini ya gari, akauacha usukani uzunguke huru.

Betri iliyochoka pia huweza kuwasha taa, kwa kuwa umeme ukishuka mno kompyuta hulalamika. Sababu nyingine ni kifungio cha mkanda kilichomwagikiwa soda. Na kama gari lilinunuliwa limetumika, huenda liligonga zamani, mifuko ikafunguka, na hakuna aliyeirudisha.

Hapo kwenye kutengeneza ndipo ninapotaka tuwe wakali. Hatua ya kwanza ni kusoma hitilafu, na mashine ndogo za bei rahisi zinazouzwa mjini nyingi husoma injini pekee. Muulize fundi kabla hajachomeka: mashine yako inasoma mfuko wa hewa? Nambari za hitilafu hizi kwa kawaida huanza na herufi B, na humwonyesha upande na sehemu yenye shida. Akiifuta na taa ikarudi, shida bado ipo. Kufuta tena na tena si matengenezo. Kabla ya kugusa plagi ya manjano, swichi izimwe, waya hasi wa betri utolewe, kisha asubiri. Kompyuta huhifadhi umeme ndani yake ili ifanye kazi hata kama ajali itaikata betri, na umeme huo huchukua muda kuisha. Toyota huandika sekunde 90, wengine hutaka dakika 3 au zaidi. Na asithubutu kupima mfuko wenyewe kwa mita ya umeme, kwa sababu mkondo wa mita unaweza kuulipua usoni mwake.

Baada ya hapo kuna mafundi waaminifu, nao ni wengi, na kuna wachache wanaotibu taa badala ya gari. Mbinu zao ni za kujulikana. Mmoja hutoa balbu ya taa kwenye dashibodi. Mwingine huunganisha taa hiyo na ya oili ili zizimike pamoja injini ikiwaka. Wa tatu huchomeka kizuizi cha umeme (resista) cha omu 2 mahali ambapo mfuko ulipaswa kuwa. Kompyuta inapima, inakuta hesabu sawa, inazima taa, na mbele ya kifua cha dereva hakuna kitu ila kifuniko cha plastiki kilichogundishwa kwa gamu. Anayefanya hivyo na kumuuzia mtu gari anamwuzia hatari bila kumwambia, na sioni jina jingine la kuliita jambo hilo ila udanganyifu.

Kwa hiyo ukienda kutazama gari, liwe kwenye yadi au kwa mtu binafsi, washa swichi bila kuwasha injini na utazame taa hii moja tu. Inapaswa iwake, ikae sekunde chache, kisha izimike yenyewe wakati taa za oili na betri bado zinawaka. Isipowaka kabisa, balbu imetolewa au imeungua. Ikisubiri kuzimika pamoja na nyingine, kuna waya umechezewa. Kizuizi cha omu 2 hakionekani kwa njia hii, kwa hiyo tazama pia kifuniko cha usukani na dashibodi upande wa abiria: mshono uliopinda, rangi isiyolingana, alama za gamu.

Liko jambo moja ambalo taa haiwezi kulisema kabisa, na kwa sisi wa pwani ni kubwa kuliko yote niliyotaja. Kampuni ya Takata ya Japani iliunda vilipuzi vya mifuko ya hewa kwa kutumia amonia naitreti. Vingi havikuwekwa kitu cha kunyonya unyevu. Miaka ikipita, unyevu wa hewa pamoja na joto la mchana na ubaridi wa usiku huivunjavunja kemikali hiyo, ikawa inawaka kwa kasi kupita kiasi. Siku ya ajali, hata ajali ndogo, kopo la chuma lenye kemikali hiyo hupasuka na vipande vyake kumrukia dereva. Honda ilianza kuyaita magari yake yarudi kubadilishiwa makopo hayo mwaka 2008, na Takata ikafilisika Juni 2017. Marekani pekee yaliitwa makopo takriban milioni 67, na watu zaidi ya 25 wamethibitishwa kufa huko. Malaysia, nchi ya joto na unyevu kama hii yetu, nako wamekufa watu. Marekani walipopanga nani atangulie kubadilishiwa, walianza na sehemu kama Florida, Hawaii na Puerto Rico, kwa sababu ya hali ya hewa. Mombasa ina hali ya hewa ya namna hiyo hiyo.

Kompyuta hupima waya wa kiwashio; haina njia ya kujua kemikali iliyo ndani ya kopo imeharibika. Gari laweza kuwa na kopo bovu la Takata huku taa ikizimika vizuri kila asubuhi. Sheria ya Kenya inazuia kuingizwa kwa gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, lakini magari yaliyoteremshwa Kilindini miaka hiyo ya nyuma, Honda Fit na Toyota Vitz zikiwemo, bado yapo barabarani. Soma nambari ya chesisi kwenye kadi ya gari au kwenye kibati kilicho ndani ya boneti. Gari la soko la Japani lina nambari fupi yenye kistari katikati, ambayo tovuti za Marekani haziitambui, kwa hiyo itafute kwenye tovuti ya kampuni ya Japani yenyewe, au ipeleke kwa wakala wa kampuni hiyo hapa nchini aikague. Kwa sababu hiyo hiyo, mfuko uliotumika kutoka duka la spea, hata uwe safi namna gani, usiukubali kabla ya kujua umetoka gari gani la mwaka gani.

Kama taa imewaka na pesa za matengenezo hazijapatikana, funga mkanda kila safari. Bado utakuzuia gari likisimama ghafla, hata kama kifaa cha kuuvuta hakifanyi kazi. Watoto wakae nyuma. Na kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe mbele kwa kudhani kwamba mfuko umezimika, kwa sababu taa haikuambii ni mfuko upi uliozimwa na upi ulio tayari kufunguka.